Pipa la Maji Matamu

Karakana ile ilikuwa ikichapa maandishi kwenye madumu ya plastiki: ya mafuta, ya sabuni, ya dawa ya wadudu. Watu kumi na mmoja walifanya kazi humo, na aliyekuwa akirowa wino kuliko wote hakuwa mchapaji. Alikuwa mwanamke mwembamba waliyempachika jina la Siafu, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na hakujua kuchoka. Kazi yake ilikuwa kuosha fremu, yaani viunzi vyenye wavu vinavyopitishiwa wino wakati wa kuchapa. Fremu ikishatumika wavu wake huzibwa na wino, naye huilaza kwenye beseni refu la bati, akaimwagia dawa na kuisugua kwa kitambaa mpaka wavu upitishe mwanga.

Dawa hiyo waliiita maji matamu. Haikuwa na ukali wa petroli, wala haikuchoma macho. Ilinukia kwa mbali, kama tunda lililoiva kupita kiasi, na mkononi ilikuwa laini tu. Ndiyo maana hakuna aliyeiogopa. Kwa miaka minne Siafu alikuwa akitumbukiza mikono humo hadi viwikoni. Glavu nyembamba alizopewa zililegea na kupasuka kabla ya saa nne asubuhi, basi alizivua akaendelea mikono mitupu.

Siku moja pipa jipya lilishushwa. Mama wa stoo alikuwa na wiki mbili tu kazini, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Waliomtangulia walikuwa wakizitumia karatasi zinazokuja na mapipa kufungia misumari. Huyu aliisoma yake yote. Akaja kusimama kwenye mlango wa chumba cha kuoshea, karatasi mkononi.

"Hili pipa tunaliweka wapi?" aliuliza. "Maana hapa wanasema lisikae karibu na moto, kifuniko kisiachwe wazi, na chumba kipitishe hewa." Akainua macho kutazama dirisha. Lilikuwa limepigiliwa ubao ili vumbi lisiharibu fremu. "Hewa yenyewe ndiyo hii?"

"Sisi tumeshazoea," alisema wifi yake Siafu, aliyekuwa akisubiri fremu yake pale pembeni. Huyu ni dada wa mume wa Siafu, mchapaji, mcheshi, na ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. "Mapafu yetu ya chuma, mama."

Mama wa stoo hakucheka. Aliendelea kusoma, kidole juu ya mstari. "Hupenya ngozi bila kuwasha. Ikimwagika mwilini, vua nguo, oshwa kwa maji robo saa. Huweza kudhuru damu. Huweza kudhuru uzazi. Huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni."

Mikono ya Siafu ilikuwa ndani ya beseni. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Aliyejua ni mumewe peke yake, kwa sababu mbili za kwanza walizitangaza kwa furaha, na mbili za kwanza zilitoka, moja ikiwa ya wiki kumi, nyingine ya miezi minne. Safari hii walikubaliana wanyamaze mpaka tumbo lijisemee lenyewe.

"Kupenya ngozi ndiyo kufanyaje?" aliuliza, na sauti ikamtoka nyembamba kama si yake. "Hata kama huna kidonda?"

"Hata kama huna. Kama mafuta unayojipaka, yanavyonywea."

Siafu alitoa mikono polepole, akaenda bombani. Alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ya vidole ikajikunja, na bado alikuwa akiona ile harufu tamu haijabanduka. Msimamizi akamkuta hapo. Wenyewe walimwita Bwana Haraka, kwani hata salamu alikuwa akiijibu huku anaondoka.

"Siafu, fremu sita zinakusubiri, wewe unaoga?"

"Karatasi ya pipa inasema..."

"Siku hizi kila kitu kina karatasi! Vidonge vya kichwa vina karatasi ndefu kama shuka, mbona tunavimeza?"

Wachapaji wakaangua kicheko. Siafu naye akacheka, mdomo tu. Akarudi kwenye beseni, akavaa glavu mbilimbili, akafanya kazi akiwa ameibana pumzi kama mtu aliye chini ya maji. Alipotazama glavu baada ya nusu saa, ncha za vidole zilikuwa zimeshalowa kwa ndani.

Jioni alimweleza mumewe, fundi cherehani, ambaye aliisimamisha mashine katikati ya mshono.

"Usirudi pale."

"Nikisema nina mimba wataniondoa. Na nikishasema, halafu tena..." Hakumalizia. Mumewe alikuwa anajua kilichobaki.

"Basi mwambie wifi yako kwanza. Yeye atakusemea."

"Kesho," alisema Siafu. Alilala akiwa ameweka mikono mbali na tumbo, kana kwamba mikono hiyo ilikuwa ya mtu mwingine.

Kesho yake mama wa stoo alimpokea kwa jozi ya glavu nyeusi, nene, ndefu hadi viwikoni. Alikuwa amempigia simu aliyewauzia dawa, akamng'ang'ania mpaka akaleta jozi moja ya mfano. "Hizi ndizo zinazoizuia," alimnong'oneza, na akamtazama kwa namna ambayo Siafu alijua keshashtukia jambo. "Lakini mvuke hauzuiliwi na glavu, mwanangu. Mlango uache wazi."

Haikupita saa moja. Pampu ya kuvutia dawa ilikuwa imekwama, na Bwana Haraka hakutaka kusubiri fundi. Aliwaita wifi na mchapaji mmoja wainamishe pipa, wamimine kwenye ndoo. Pipa likateleza. Dawa iliruka kama wimbi, ikampiga wifi kuanzia kifuani hadi miguuni, iliyobaki ikatambaa sakafuni kuelekea chumba cha pili, lilikokuwa jiko la umeme la kukaushia wino.

Wifi alisimama akichuruzika dawa, mikono ameitanua. Halafu akacheka. "Jamani, nimeoga bila kupenda!"

"Itakauka yenyewe," alisema Bwana Haraka, ingawa uso ulimbadilika kidogo. "Siafu! Leta vitambaa ufute hapa, upesi."

Siafu hakusogea. Aliliona gauni limemganda wifi yake tumboni, mapajani, kila mahali, na ule mstari wa karatasi ukamjia: bila kuwasha. Mle ndani harufu ya tunda lililooza ilikuwa imejaa mpaka inaonjwa ulimini. Kila kitu mwilini mwake kilimwambia kimbia, toka na mtoto wako, yasiyokuhusu yaache. Na kweli alikimbia. Alitoka hadi uani, akashika ukuta. Hapo miguuni pake ulikuwepo mpira wa maji wa kusuuzia madumu.

Waliokuwepo wanasema hawajapata kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtu mdogo vile.

"Zimeni jiko! Tokeni wote! Wifi, njoo huku nje!"

Mtu akazima jiko. Wifi akatoka, bado ana tabasamu, na maji yakampiga kifuani.

"Vua gauni!"

"Wewe! Mbele ya wanaume?"

"Vua, nakwambia! Vua!"

Mama wa stoo alishaelewa. Aliwafukuza wanaume kwa kipande cha boksi kama anayefukuza kuku, kisha akasimama kati na turubai alilolitanua kwa mikono miwili. Wifi akavua, huku akitukana, akitetemeka, akisema kaka yake alitembea kote asione mwingine ila kaenda kuoa kichaa. Siafu hakuinamisha mpira. Alisimama hatua nne mbali, hakuthubutu kukaribia, huku akilia waziwazi.

"Inatosha! Una nini lakini?"

"Robo saa. Karatasi inasema robo saa."

"Karatasi, karatasi! Wewe una nini?"

"Nina mimba."

Wifi akaishusha mikono. Maji yaliendelea kumtiririka. "Ya lini?"

"Miezi mitatu."

Wifi aliitazama mikono ya Siafu, kisha akalitazama lile beseni la bati lililoonekana kupitia mlango. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Na wale wawili?"

"Sijui, wifi. Sijui."

Wifi alitaka kumfuata amshike, akakumbuka dawa iliyo mwilini mwake, akarudi nyuma. Halafu akashika kichwa, akasema ardhi inazunguka, akaketi kwenye tope.

Walipelekwa hospitali wote wawili, na mama wa stoo akaenda nao ameishika karatasi kama hati ya shamba. Daktari aliisoma mara mbili kabla ya kumgusa mgonjwa. Wifi alilazwa siku mbili. Kichwa kilimuuma, akatapika, na damu yake ilikutwa imepungua nguvu. Aliambiwa itarudi kadiri wiki zinavyopita, na ikarudi.

Siafu alilazwa kitandani, akapakwa ute baridi tumboni. Alifumba macho. Daktari alisogeza kifaa huku, akakisogeza kule, kwa muda ambao Siafu anasema ndio mrefu kuliko miaka yote minne ya beseni.

"Moyo unadunda," alisema daktari.

"Na mengine?"

"Yanayoonekana leo ni mazuri. Utarudi kila mwezi."

"Wale wa kwanza, daktari. Ni ile dawa?"

Daktari alikaa kwenye kiti kabla ya kujibu. "Inawezekana. Sina njia ya kujua sasa. Ninachojua ni kwamba usiiguse tena, wala usikae inapofunguliwa."

Bwana Haraka alitaka Siafu aachishwe kazi moja kwa moja. Mama wa stoo akamwandikia barua tajiri, mwenye karakana, akaambatanisha karatasi, akaizungusha kwa wafanyakazi watie saini. Wachapaji walisitasita, mpaka alipowasomea mstari waliokuwa hawajausikia, kwamba dawa ile huharibu na mbegu za kiume. Hakuna aliyecheka. Kalamu ikagombaniwa.

Tajiri alikuja mwenyewe, akakaa kwenye chumba cha kuoshea dakika tano akatoka anapepesuka. Ubao wa dirisha uling'olewa, feni ya kuvuta hewa ikafungwa, na dawa ikabadilishwa kwa nyingine isiyo na madhara makubwa kama ile, ingawa inasafisha polepole na bado inataka glavu nene. Siafu alihamishiwa kwenye banda la kufungasha, upande wa pili wa uwanja.

Hofu haikuhama naye, ilikuwa mwilini. Kila tumbo lilipovuta alisimama, akasikiliza. Mwezi wa nne ulipopita hakumwambia mtu kuwa umepita. Mtoto alipocheza aliogopa, alipotulia aliogopa zaidi. Wifi alikuwa akimpitia kila asubuhi kwenda naye kazini, na mizaha yake yote aliiacha mlangoni.

Mtoto alizaliwa Jumanne mchana, wa kike, mdogo wa uzito, na alilia kabla hajafutwa. Muuguzi alimpima, akamkagua, akamfunga kwenye shuka.

"Hongera, mama. Mzima kabisa."

"Mtazame tena," alisema Siafu.

Muuguzi alimwangalia usoni, asiulize kwa nini. Akaifungua ile shuka upya, akamkagua mtoto kuanzia utosini, masikio, kinywa, mgongo, kidole baada ya kidole, akivitaja kwa sauti ili mama asikie. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Muuguzi alipofika miguuni akamfunika, akamweka kifuani kwa mama yake.

Siafu alikawia kidogo kabla ya kumkumbatia. Halafu akamkumbatia.