Kilichokaa Shingoni mwa Bujiku

Wiki ya saba baada ya kupasuliwa shingo, Bujiku alirudi machimboni karibu na Runzewe. Hakurudi kuchimba. Miaka kumi na tisa ya kubeba viroba vya mawe kichwani ilikuwa imemsaga shingo mpaka mkono wa kushoto ukafa ganzi, nyundo ikawa inamponyoka bila yeye kujua. Madaktari wa Mwanza walimfungua kooni kwa mbele, wakatoa kile kinyama kilichochakaa katikati ya pingili za shingo, wakaweka kidude cha chuma na plastiki kinachocheza kama kiungo halisi. Ng'ombe wote wa baba yake kule Mhunze waliishia kwenye shingo hiyo.

Ganzi iliondoka. Ikabaki hofu. Daktari alimwambia kwamba kwa miezi mitatu shingo isivutwe wala isishtuliwe. Kidude kikihama, mkono unaweza usirudi tena, na miguu ikaufuata.

Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, alimpa kazi ya kukaa kivulini na kuangalia kamba ya winchi. Jioni ya kwanza, getini, mlinzi mgeni aitwaye Magesa alikuwa akimpitishia kila mtu kipima madini, maana kipande cha dhahabu kilikuwa kimepotea shimoni. Kwa Bujiku, kifuani kikanyamaza. Shingoni kikalia.

"Umemeza," Magesa akasema.

"Sijameza. Nimepasuliwa, nikawekewa chuma."

Sauti ilitoka kama ya jogoo mwenye mafua. Tangu upasuaji ilikuwa imekwaruza hivyo, na hata mate aliyameza kwa kujikaza. Wachimbaji wakatazamana. Kila mmoja pale aliwahi kumwona mtu aliyekwamwa na dhahabu kooni. Huongea hivyo hivyo, humeza hivyo hivyo.

"Imekukwama, baba Limi," akasema Deusdedit, waliyechimba pamoja miaka mingi. "Tulia, tukusaidie."

Bujiku aliujua msaada huo, aliwahi kuutoa mwenyewe. Wawili hushika kichwa na kukivuta nyuma, wa tatu humimina maji ya chumvi mpaka mtu atapike.

Akashusha kola. "Kovu hili hapa."

"Kovu si cheti," Magesa akasema. "Hata mimi ninalo."

Vyeti vilikuwa nyumbani, Kahama. Ndoo ya maji ya chumvi ilikwisha fika. Mkono wa mtu ukamgusa kisogoni. Hakuthubutu hata kurusha ngumi. Akajishusha polepole, mgongo wima, akakaa mavumbini na kukikumbatia kichwa chake.

"Nifungieni stoo. Nitajisaidia ndooni, mpekue wenyewe. Siku tatu, nne, mnavyotaka. Kichwa msiguse."

"Nani atapekua?" mmoja akauliza. "Mimi nimekuja kuchimba dhahabu, sio hiyo."

Wakacheka, lakini mkono ukaondoka kisogoni.

Akakaa stoo siku tatu. Kila mlango ulipofunguliwa alishika shingo kwanza, ndipo akatazama nani anaingia. Kila alipoamka alivikunja vidole vya kushoto kimoja kimoja, akiogopa kufika cha mwisho. Ndooni hawakuona kitu. Kipima kikaendelea kulia palepale.

Siku ya tatu mkewe, Klara, aliyepata habari jana yake, akafika kutoka Kahama na bahasha ya hospitali. Magesa akainua picha ya eksirei juani, akatazama kwa muda.

"Nisamehe, kaka. Nilikuwa kazini."

Picha ikapita mkono kwa mkono. Kidude kilionekana cheupe kuliko mfupa, kikiwaka katikati ya shingo. Deusdedit ndiye aliyekaa nayo muda mrefu zaidi.

"Madini gani haya?"

"Chuma," Bujiku akasema.

"Zizi zima la mzee wako likauzwa kwa ajili ya chuma?"

Hakuna aliyecheka. Deusdedit akatazama picha, kisha akatazama shingo.

Bujiku akachukua bahasha. Basi lilikuwa la mchana, na pikipiki ingemrusha kwenye mashimo ya barabara. Akamwambia mkewe watembee mpaka kituoni. Walipofika njia panda alisikia nyayo, lakini shingo haikuweza kugeuka.

"Mama Limi, hebu angalia wewe. Nani yuko nyuma yetu?"

Klara akageuka.

"Deusdedit," akasema. "Na wengine wawili. Wanatembea tu."