Kisima Kaskazini mwa Kuta

Kaka yangu profesa alisimama mbele ya ukumbi uliojaa, akaigonga ramani yangu kwa kidole, akatangaza, "Huu hapa mji niliougundua."

Aliougundua! Nilikuwa kiti cha tatu, damu inanichemka.

Mji huo umetajwa mara moja tu katika kitabu cha kale cha jiografia: mji wa soko, mwendo wa siku mbili kutoka mto unapoingia baharini, chini ya mlima wenye vilele viwili. Wataalamu waliutafuta wakanyoosha mikono, maana mto wenyewe ulikwisha kuhama. Mimi, mchora ramani tu wa ofisini, niliufuata mkondo wa zamani kwa miaka tisa, nikichoma mchanga kwa chuma kirefu, hadi siku kilipogonga kuta. Kaka akaja kwangu, akanywa chai yangu, akaazima rasimu ya ramani. "Siku mbili tu, dada." Ndiyo hiyo ukutani, ina jina lake.

Asichojua ni desturi ya ofisi yetu. Kila rasimu tunaitia uongo mmoja mdogo, ili mwizi ajulikane. Hii niliitia kisima, kaskazini mwa kuta, mahali pakavu kabisa.

Nikanyoosha mkono. "Kaka, kisima hicho umekiona?"

"Nimekiona? Nimekunywa maji yake, dada yangu!"

"Basi umekunywa wino wangu."

Nikaeleza yote, bila haya. Nilimvua nguo hadharani, na haki ya Mungu, niliona raha. Ukumbi ukaangua kicheko. Akakusanya karatasi zake, jasho linamtiririka, akatokea mlango wa nyuma.

Mkuu wa mambo ya kale, aliyekuja kutia saini kibali cha kuchimba, akaifunika kalamu yake. Nikamkimbilia.

"Mzee, mji upo kweli. Niliyeuona ni mimi. Andika jina langu."

Akaitazama ramani, akanitazama na mimi, kwa upole tu.

"Na hizo kuta, binti yangu? Nazo ulizichora za kumnasia?"

"Kuta ni za kweli! Chimba utaziona!"

"Hata yeye aliapia kisima," akasema, akairudisha kalamu mfukoni.

Nyuma yangu kicheko kilikuwa hakijakoma. Nikageuka. Kaka alikwisha kuondoka. Walikuwa wananitazama mimi.