Ghorofa Lililosubiri Mlangoni pa Kilabu

Ndoto hii si yangu. Alinisimulia shemeji yangu Anaeli, mdogo wa marehemu mume wangu, Jumanne asubuhi, nikiwa kilabuni nachanganya uji wa ulezi kwenye pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi. Hakunisalimu. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema, "Usiku wa jana niliota, shemeji. Na wewe ulikuwemo, na hukunisaidia."

Nikamwambia, "Kaa kwanza, ndipo unilaumu."

"Kukaa ndiyo habari yenyewe," akasema.

Nieleze kidogo kilichotangulia, maana asiyekijua atadhani ni ndoto ya mtu aliyelala na njaa.

Kilabu chetu cha mbege kiko kwenye kiwanja cha kijiji, chini ya kanisa, juu ya mfereji. Akatokea mwekezaji, anakitaka kiwanja ajenge ghorofa la wageni wanaokuja kuutazama mlima. Tukapinga. Tulifanya vikao, tukapaza sauti, tukawachosha viongozi wetu mpaka wakawa wakituona wanabadili njia. Mwisho wilaya ikatoa neno la haki: atakuja mtu wa mipango aone kwa macho yake. Akikuta watu wanakitumia kilabu, kitabaki. Akikuta hawakitumii, kiwanja kinakwenda.

Jumamosi akaja. Na sisi, kwa kuwa anakuja mgeni wa serikali, tukavaa nguo za kanisani. Nani akae mbele ya mgeni wa serikali na povu la mbege kwenye midomo? Tukaagiza soda, kilabu kizima.

Mtu wa mipango alikuwa kijana mpole, ana futi ya kupimia mkononi. Akatuzungukia mmoja mmoja, "Huwa unafanya nini hapa?"

Mesiaki, aliyekuwa mpima kahawa wa chama cha ushirika, na ambaye hajakosa kilabuni tangu kahawa ilipokuwa na bei, akasema, "Nimemfuata kuku wangu." Mwalimu Nderingo akasema, "Tunafanyia mazoezi ya kwaya." Mimi nikaulizwa lile pipa lina nini, nami, Mungu anisamehe, nikasema ni maji ya kuoshea vikombe.

Anaeli alikuwa kwenye benchi la ukutani, ndani ya suti aliyomzikia mkewe. Akasema, "Mimi huwa napita tu."

Huyo ndiye anayepita tu! Tangu mkewe Ndekusara azikwe, Anaeli hafungui mdomo mahali popote isipokuwa kwenye benchi lile. Nyumbani ana kuku na redio. Redio inasema tu, haisikilizi. Pale kilabuni ndipo anapokuwa mtu na wenzake, na kikivunjwa, sioni atakwenda wapi.

Kijana akaandika, akamaliza soda yake, akashukuru, akaenda zake. Ndipo tukatazamana.

Usiku wa Jumatatu Anaeli akaota.

Anajikuta mbele ya mlango wa kilabu, jua la saa sita. Mlango uko wazi, lakini unamzuia.

"Nani?" mlango unauliza.

"Anaeli."

"Anaeli yupi? Yule wa benchi, au yule anayepita tu?"

Anaeli anafikiri. Mlango huu aliujua ukiwa bado mti wa mringaringa umesimama kwenye kihamba, shamba la migomba la baba yake, na si vizuri kumdanganya mtu aliyekujua utotoni. "Yule anayepita tu," anajibu.

"Basi pita."

Anapita. Anataka kukata kona aende kwenye benchi, miguu inakataa. Inampeleka moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma, inamtoa nje. Na nje ya mlango wa nyuma si mfereji. Ni sebuleni kwake.

Kwenye kiti chake amekaa Kimya, amevaa koti la Anaeli, anakula ndizi za Anaeli. Redio imegeukia ukuta. Anaeli anasema, "Habari za hapa?" Kimya haitikii. Anavuta miguu kidogo tu, kama unavyompisha mtu kanisani, Anaeli apite. Anapita, anatokea mlango wa mbele wa nyumba yake, na huko ni mbele ya kilabu tena.

"Nani?"

"Yule yule."

"Pita."

Safari hii anatupia macho pembeni. Mesiaki ameinama, anamfuata kuku chini ya meza. Kuku anageuka.

"Unanifuata kwa nini?"

"Nilisema nimekufuata," Mesiaki anajibu.

"Tangu Jumamosi! Nataka kutaga."

"Taga tu, mama. Sitazami."

"Unatazama."

Mwalimu Nderingo amesimama juu ya meza anaimba. Ameimba mstari mmoja mpaka shingo imevimba, hawezi kuacha, kwa sababu mazoezi aliyoyataja hayakuwa na saa ya kumalizika. Na mimi nipo, na gauni langu la kanisani, naosha vikombe. Pipa langu liko kando linalia polepole.

"Nilikuwa mbege," pipa linamwambia Anaeli. "Nilikuwa nimekolea vizuri. Shemeji yako kaniita maji mbele ya mgeni. Sasa nafaa kubatizia tu."

Anaeli ananiita, "Shemeji, nishike mkono nikae!"

Nami namjibu, "Siwezi, nina vikombe vya kuosha."

"Na vikombe vilikuwa safi," Anaeli aliniambia Jumanne ile, akinitazama kana kwamba nilifanya kweli. Ningejitetea vipi mahali nisipokuwepo?

Akapitishwa tena. Kimya, koti, ndizi, redio. Anaporudi mbele ya kilabu, anakuta ghorofa limeshafika.

Limesimama uani na mabegi mawili, jipya, bado linanuka rangi. Limejikunja kiunoni ili lisivunje migomba.

"Shikamoo mzee," ghorofa linasema.

"Marahaba. Umewahi."

"Niliambiwa pana nafasi. Nimetembea kwa miguu tangu wilayani, mzee wangu, na msingi unaniuma."

"Hujapewa pa kukaa?"

"Nimeambiwa nikae hapo hapo mlipo. Nikaona aibu kuingia mkiwa bado ndani."

Anaeli analihurumia. Hata yeye alishangaa, alivyokuwa amelichukia lile ghorofa miezi yote ile. Lakini kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajapewa kinywaji, na hakuna aliyesema kwamba mgeni huyo lazima awe na miguu.

"Subiri hapo," anasema. "Nikuletee mbege."

"Ipo?" linauliza ghorofa, na madirisha yake yote yanang'aa.

Tangu azaliwe, Anaeli hajapata kumwambia mgeni kwamba hakuna.

Anaingia kwa haraka. Kwenye benchi la ukutani, mahali pake hasa, amekaa Futi, amejiviringa, kalamu mkononi.

"Bwana Futi," anasema Anaeli huku miguu ikimvuta, "naomba unirekebishie jambo. Mimi sipiti."

"Naona unapita," anasema Futi.

"Nilisema uongo."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimevaa suti."

"Suti inakataza mtu kukaa?"

"Nilikuwa nimekaa! Inakataza kusema."

Tayari yuko nje. Kimya anampisha. Anazunguka, mlango unauliza nani, anajibu, anaingia.

"Basi sema," Futi anaendelea kana kwamba hakuondoka. "Hapa huwa unafanya nini?"

"Nakunywa."

Nje. Koti. Ndizi. Ndani.

"Kunywa si hoja. Mtu anaweza kunywa nyumbani kwake. Kingine?"

"Naongea!"

Nje. Ndani. Sasa anahema.

"Unaongea nini?"

"Bei ya ndizi. Nani anaumwa. Ng'ombe wa nani kazaa."

"Na hayo huwezi kuyaongea nyumbani?"

Kabla Anaeli hajajibu, akawa yuko sebuleni. Safari hii hakupita mbio. Alimtazama Kimya, alivyokaa ametulia na koti lile, na sahani ile ya ndizi imebaki kidogo. Kimya naye akamtazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na subira tu, kama mwenye nyumba anayejua mpangaji atarudi.

Akarudi kilabuni taratibu.

"Nyumbani," akamwambia Futi, "nani ataniambia naongopa?"

Miguu ikasimama.

Futi akaacha kuandika. Hata Mwalimu Nderingo akakata wimbo katikati ya neno. Benchi ndilo lililosema, "Kaa basi, Anaeli. Huyu ana ncha kali, ananichoma tangu asubuhi."

Futi akasogea. Anaeli akakaa. Anasema alipokaa alisikia magoti yakishukuru kwa sauti.

Kisha akanigeukia. "Shemeji, acha vikombe. Kuna mgeni uani, mrefu. Mpe kata."

Nikamwambia, "Ni maji."

"Onja," akasema.

Sasa, kwetu aliyepika ndiye anayekunywa kwanza, watu waone kwamba hakutia ubaya. Hilo hata ndotoni halina ubishi. Nikachota kwa kata yangu ya kibuyu, na mbele ya Futi, ndani ya gauni la kanisani, nikanywa mpaka povu likanipanda puani.

"Ni nini hicho?" Futi akauliza.

"Ni mbege," nikasema. "Na nimeipika mimi."

Pipa likacheua kwa raha.

Kata ikaenda nje. Ghorofa likachuchumaa, likainamisha dirisha la juu, likanywa kwa adabu, likarudisha kwa mikono miwili. Mikono hiyo ilitoka wapi, Anaeli hakuuliza. Kuku akataga. Mesiaki akaja akakaa kwenye nafasi yake, Nderingo akashuka mezani, kata ikazunguka. Anaeli akaanza kuwaeleza juu ya mkungu wa ndizi aliowahi kuupeleka mnadani, uliokuwa mkubwa hata ukapewa kiti chake kwenye gari.

"Meku, unaongopa!" akasema Mesiaki; meku kwetu ni mzee.

Wakacheka. Benchi likacheka, ukuta ukacheka. Ghorofa likacheka kule uani mpaka vioo vyake vyote vikatikisika, na likaomba habari za ule mkungu zirudiwe.

Baadaye likachungulia mlangoni, likauliza kwa sauti ndogo, "Lakini mimi sasa nitakwenda wapi?"

Lilikuwa swali la haki.

"Kunywa kwanza," akasema Anaeli.

Na hapo akaamka. Kumekucha. Akakagua nyayo zake, safi. Akajinusa ndevu, sabuni. Kiti chake kitupu, koti kwenye msumari.

"Kwa hiyo ni ndoto tu," nikamwambia.

"Ndoto tu," akasema. "Lakini mimi nakwenda wilayani. Wewe kaa uoshe vikombe vyako."

Nikafunika pipa. Tukampitia Mesiaki, tukampitia Mwalimu Nderingo, kila mtu na nguo alizokuwa nazo; Mesiaki alikuwa na matope ya mfereji mpaka magotini. Mimi nilibeba kidumu cha mbege iliyobaki Jumamosi, na kata.

Kijana wa mipango alitukaribisha ofisini, akatafuta viti. Kabla hajauliza shida yetu, nikamimina, nikanywa kwanza, nikamsogezea. Alitazama mlango, kisha akapokea kwa adabu, akaweka mezani.

"Hiki ndicho kilichokuwa kwenye pipa," nikasema.

"Sina kuku," akasema Mesiaki. "Yaani ninao, lakini hawaendi kilabuni."

Mwalimu Nderingo alisema kwaya hufanyia mazoezi kanisani, kama kwaya nyingine. Tukamgeukia Anaeli. Nilimwogopea, maana palikuwa ofisini, si kwenye benchi lake. Kisha akasema:

"Mwanangu, mimi hukaa. Benchi la ukutani. Siku ukija usinikute, ujue naumwa au nimekufa."

Kijana alichezea kalamu yake. Hakucheka, na wala hakutuahidi kitu. Akasema, "Nitakuja tena. Siku siwaambii."

"Tujiandae vipi?" akauliza Mwalimu Nderingo.

"Msijiandae."

Tulirudi alasiri. Mbege ilikuwa imeiva. Watu walikuja na majembe yao, na nyasi za ng'ombe, na nguo zao za kila siku, na kila aliyeingia alitazama barabarani kwanza, kisha akakaa. Anaeli aliegemea ukuta akatusimulia ndoto ile upya, watu wakimkatiza, Mesiaki akiapa kwamba yeye hawezi kuongea na kuku namna ile.

Ndipo akaingia Aikaeli, jirani wa Anaeli, wanapakana kwa migomba tu. Alitua mzigo wake wa majani mlangoni.

"Meku yupo?" akauliza. "Nataka kujua kama wageni wake wameshaondoka."

"Wageni gani?" nikamwuliza.

"Wa jana usiku. Mama, walicheka watu wale mpaka ng'ombe wangu akakataa kulala. Na kulikuwa na mmoja, sijui ni mtu wa wapi huyo, akicheka unasikia kama madirisha mengi yanatikisika pamoja."

Mesiaki akaweka kikombe chini. Sote tukamgeukia Anaeli atujibu.

Alikuwa ameshalala, kichwa ukutani, mdomo wazi, kofia imemwangukia mapajani. Hakuna aliyemwamsha.