Waliongoja Juzuu ya Tatu

Kila Ijumaa asubuhi, baada ya sala na kabla ya hesabu, mwanafunzi mmoja wa sekondari ya Falemalu, kisiwani Savaii, husimama mbele ya wenzake na kusifia kitabu. Hilo halifanywi hivi hivi tu. Anayesifia hutupia usinga begani na kushika fimbo, kama afanyavyo msemaji wa ukoo kwenye arusi na mazishi. Huwasalimu walimu kwa vyeo vyao, huomba radhi kwa udogo wake, kisha ndipo huingia kwenye habari za majoka na miji iliyooza. Ijumaa ile ilikuwa zamu ya Sose, msichana wa kidato cha mwisho, naye alikuwa anasifia juzuu ya pili ya Wachota Maji wa Ukutani.

"Enyi watukufu mnaosinzia," alisema Sose, "na wewe Fetu unayetafuna andazi huko nyuma, nakuona. Kitabu hiki kimeniunguzia magimbi ya bibi, na nimechapwa, na sijutii. Ila nawaambia mapema, mwisho haumo."

"Uko wapi?" akauliza Fetu, andazi mdomoni.

"Uko juzuu ya tatu."

"Na juzuu ya tatu iko wapi?"

Wote wakamtazama Mwalimu Pelenatete, mtunza maktaba, naye akatazama viatu vyake.

Juzuu ya tatu haikuwepo, wala ya kitabu kile wala ya kingine chochote. Vitabu vya Falemalu huja katika maboksi kutoka kwa watu wema wa ng'ambo, wanaosafisha vyumba vya watoto wao waliokua. Watoto hao nao si wajinga: juzuu ya mwisho waliyoililia wanabaki nayo, zile mbili za mwanzo wanazitoa sadaka. Pelenatete aliliona hilo tangu boksi la kwanza. Lakini huko kwao kumwonyesha mtu tundu kwenye mkeka aliokuletea ni tusi ambalo hata wajukuu hulikumbuka. Kwa hiyo aliandika barua ya shukrani. Alishukuru kwa maneno matamu kiasi kwamba watu wema walilia, wakaenda kutafuta vitabu vingine kama vile vilivyopendwa, wakaleta tena juzuu ya kwanza na ya pili. Akashukuru tena. Mwaka baada ya mwaka alishukuru, na angekuwa radhi kuvuka kijiji bila nguo kuliko kuandika kwamba kuna kitu kimepungua.

Basi wahusika waliobaki njiani katika vitabu hivyo walianza kuja kijijini wenyewe. Wa kwanza alikuwa mpanda joka aliyeachwa kati ya vita viwili. Joka lake lilikula nguruwe wa diwani, na baraza la kijiji likamtoza faini ya katoni za samaki wa kopo kama ambavyo lingemtoza mtu yeyote mwenye mbwa mkorofi. Alilipa, akaachwa aishi.

Ildri, msichana wa kile kitabu alichokisifia Sose, alikuja siku ya Jumanne, wakati wa mapumziko. Alikuwa amejaa vumbi la Ukuta, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu. Haukuteremka. Juzuu ya pili inamwacha akining'inia ukingoni mwa Ukuta kwa mkono mmoja, shimo chini yake, na buti la mlinzi juu ya vidole vyake. Aliingia maktaba akashika fremu ya juu ya mlango. Pelenatete akamkorogea kakao, akampa mkate, akamnywesha mwenyewe.

Alimchukua akakae nyumbani kwake. Kuna watu duniani wanaompa mgeni jembe siku ya tatu. Falemalu mgeni haulizwi hata anaondoka lini. Kanisani mchungaji alimwona ameinua mkono, akasitisha mahubiri amuulize swali lake ni lipi. Ildri akasimama.

"Nataka kujua kama ninaanguka."

Mchungaji alifikiri, akasema hilo ni la kuombewa, akaendelea na mahubiri.

Ndilo swali alilouliza kila jioni baada ya sala, kikombe mkononi. "Mwalimu, ninaanguka?"

"Sijui, mwanangu."

"Si unaweza kuwaandikia wakuletee?"

"Naweza," alisema Pelenatete, na hakuandika.

Kila mtoto aliposoma juzuu ya pili, lile buti lilimkanyaga Ildri upya, na vidole vyake vikavimba. Baada ya sifa za Sose foleni ya wasomaji ilifika uwanjani, na vidole vikawa vinene kama ndizi. Pelenatete alitaka kukiondoa kitabu rafuni. Ildri akakataa.

"Waache wasome. Wakinisahau ndiyo nitaanguka kabisa."

"Subira huvuta heri," alisema Sose, aliyekuwa anampaka mafuta vidoleni.

"Mimi imenivuta mkono tu."

Wakacheka wote wawili, maana walikuwa wamepatana kama mtu na dada yake.

Sose alipomaliza shule ukafika msimu wa kuchuma matunda ng'ambo, na vijana wa kisiwa wakaitwa barabarani kujaribiwa kwa kazi ya mashamba ya huko. Walipimwa uzito. Walikimbia na gunia la mchanga begani mbele ya wazee na wachungaji, na mwenye saa akawaandika waliofaa. Ildri alisimama kando akitazama. Huko kitabuni vijana hupimwa pia, na wazito wa kutosha hupelekwa nyuma ya Ukuta kuuchotea mji maji, kisha hurudi wamezeeka.

"Kwetu siku ya kupimwa tulilia," alisema.

"Hapa tunaoka keki," alisema Sose, akihema. Alikuwa ameshinda.

Alikuwa msomaji bora aliyepata kutokea Falemalu, na Pelenatete alikuwa ameanza, moyoni tu, kumwona akirudi siku moja kuwa mwalimu na kuishika maktaba. Alitaka kumwambia abaki. Lakini mama yake Sose alikuwa amesimama pale na keki, na mtoto anayekwenda kuitafutia familia hazuiliwi mbele za watu. Pelenatete akampongeza. Akarudi nyumbani akalala mchana kutwa, na hakuwa mgonjwa.

"Nitakutafutia mwisho wako," Sose alikuwa amemwambia Ildri. "Huko ndiko vitabu vinakotoka. Hicho cha tatu kitakosa kuwepo?"

Kilikuwepo. Alikiona kwenye duka la vitu kuukuu, mjini ambako basi la shamba liliwapeleka kununua chakula, akakinunua kwa bei ya kabichi. Akapiga simu Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Pelenatete aliiweka simu juu ya meza ya maktaba, wanafunzi wakakaa mikekani, mpanda joka akakaa dirishani, na Ildri akashika fremu yake ya mlango.

"Sura ya kwanza," ilisema sauti ya Sose, na ilikuwa imekauka. Alisoma nusu ukurasa. Kisha wakasikia pumzi ndefu, iliyotulia, ya mtu aliyelala.

Falemalu mtu aliyechoka haamshwi. Walikaa wakamsikiliza akipumua mpaka salio likaisha.

Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na zilizofuata pia. Msichana aliyekuwa akimaliza kitabu kwa usiku mmoja sasa alikwenda kwa aya. Alisoma aya moja kuhusu upepo juu ya Ukuta akasinzia. Alisoma moja kuhusu mlinzi, akasema "samahani, mgongo," akasinzia. Fetu alipendekeza aruke aende ukurasa wa mwisho, na wenzake wakamzomea, kwani hata mateso yana adabu yake. Ildri alisimama mlangoni na mkono juu, akiisikiliza ile pumzi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetambua wimbo wa kwao.

Msimu ulipokaribia kwisha walifika mahali penyewe. Kumbe mchota maji mwenzake alikuwa amemdaka Ildri kifundo cha mkono. Akavutwa juu. Kurasa chache baadaye Ildri na wenzake wakauangusha Ukuta, wengine wakafa, mji ukakimbia, na wachota maji waliobaki wakaenda makwao.

Mkono wa Ildri ukateremka. Ulishuka polepole, bega likalia, ukatulia ubavuni. Aliutazama, akaukunja, akaukunjua.

"Hongera, dada," Sose alisema simuni. "Nimefurahi. Sijui kama unasikia nilivyofurahi, ila nimefurahi."

"Nasikia. Sasa maji anachota nani?"

Wakasikia kurasa zikigeuzwa. "Hakisemi."

"Na wewe unarudi lini?"

"Wameniongezea msimu. Wanasema nina mikono mizuri." Kisha akasema kesho wanaanza alfajiri, akakata.

Mpanda joka na wengine walimpongeza Ildri, wakarudi kungoja vya kwao. Pelenatete alifungua boksi jipya lililokuwa limewasili wiki ile. Lilikuwa limejaa juzuu za kwanza. Akaketi kuandika, akafika mahali pa kusema kinachokosekana, akakaa hapo mpaka wino ukakauka kwenye kalamu. Akashukuru.

Walioitwa barabarani mwaka uliofuata walikuwa wengi kuliko kawaida. Ildri alikuwa wa kwanza kumaliza na gunia. Yalizuka maneno kuhusu umri wake, kwa kuwa kitabuni ana miaka kumi na saba, na mashamba ya ng'ambo hayachukui watoto. Mchungaji akaamua kwamba miaka ya kungoja nayo ni miaka, akamwandikia hati. Kijiji kilifurahi. Mwenye mkono uliozoea kukaa juu atachuma matunda kuliko wote, walisema, na fungu la kanisa litakuwa nono.

Asubuhi ya safari Pelenatete alimsindikiza mpaka mlangoni mwa basi la kwenda kivukoni. Keki zilikuwa zimekatwa. Akina mama walikuwa wameanza wimbo.

"Ukuta uliuangusha," Pelenatete akasema chini chini. "Tumesikia wote. Watu walikufa ili usichukuliwe tena."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini kitabu kimekwisha, na mimi sijaisha. Na paa lako linavuja."

Pelenatete alijua neno la kusema. Lilikuwa neno moja, fupi, na alilijua siku nyingi: usiende. Lakini watu walikuwa wanawatazama, na binti alikuwa anakwenda kumtafutia mabati.

Basi akamshukuru. Alimshukuru kwa kirefu, kwa mpangilio, kwa maneno ambayo Falemalu haikuwa imeyasikia tangu mazishi ya diwani wa zamani, hata waliokuwa ndani ya basi wakafuta machozi, na dereva akamngoja kwa heshima mpaka amalize, kisha akaondoa gari.