Kipago cha Kumi na Sita

Mwalimu Pudensiana alikuwa na mwaka wa sita akifundisha hesabu shule ya msingi Susuni, tangu serikali ilipomleta Tarime kutoka Muleba, na hakuna aliyewahi kumtega kwa hesabu mpaka Evodius alipomuuliza habari za magugumaji. Evodius alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, kijana mpole wa miwani, aliyekuja kutafuta walimu wa kumsaidia kuwahoji wachimbaji wa dhahabu wakati wa likizo ya Juni.

"Magugumaji yanaongezeka mara mbili kila siku," alisema. "Siku ya kumi yamefunika bwawa lote. Yalifunika nusu siku ya ngapi?"

"Ya tano," alijibu Pudensiana palepale. Halafu akashtuka. Ya tisa! Uso ukamuwaka.

Evodius hakucheka. "Ndiyo utafiti wenyewe, mwalimu. Jibu la kwanza huja lenyewe. Wapo wanaolichukua hivyo hivyo, wapo wanaolisimamisha kwanza na kulikagua. Mimi nataka kujua kama hawa wa pili wanaamini mambo tofauti na wale wa kwanza."

Akampa karatasi, akamwonyesha namna ya kupima muda wa kila jibu kwa simu, na akampa sharti moja: asimwambie mtu yeyote jibu lililo sahihi, maana watu hao hao wangeulizwa tena baada ya wiki mbili. Kambi za machimbo ni ndogo, jibu likisikika kwa mmoja, kesho yake wanalo wote, na karatasi zote zinakuwa za kutupa.

Alipangiwa rashi moja mpya upande wa Kisaka, machimbo yaliyokuwa na miezi mitatu tu. Maturubai ya bluu yalikuwa yamepandwa katikati ya mabua ya mtama, karasha zinasaga mawe tangu asubuhi, na vumbi jeupe limewakaa watu mpaka kwenye kope. Pudensiana alikaa kwenye benchi la mama ntilie, akawaita wachimbaji mmoja mmoja. Kwanza mafumbo ya hesabu, kisha maswali ya imani. Je, mganga anaweza kuona mwamba wenye dhahabu? Je, ukipiga mluzi ndani ya duara, shimo la kuchimbia, dhahabu inakimbia? Je, marehemu wanawasaidia walio hai?

Kufikia Jumatano alikuwa na watu thelathini na sita. Thelathini na mmoja walisema siku ya tano. Mmoja wao alikuwa Mseti, kiongozi wa vijana wanane waliochimba duara kubwa kuliko yote pale, na alijibu kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Aliyemsumbua Pudensiana alikuwa mzee Waitara, fundi wa kufunga matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara zisianguke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Uliza."

Akauliza. "Ya tisa," alisema Waitara. Simu ilionyesha sekunde mbili.

"Kuna mtu amekuambia?"

"Maji yaliniambia. Zamani, duara moja huku Tarime, tulilala maji yako magotini. Tulipoamka hapakuwa na pa kupimia. Niliwatoa wenzangu wawili, wamekufa."

Kwenye maswali ya imani Waitara alikubali yote. Mganga anaona. Dhahabu inakimbia. Marehemu wapo, tena wana kinyongo wasipokumbukwa. Pudensiana aliweka alama za vema moja baada ya nyingine huku akijiuliza Evodius atamweka wapi mtu huyu, aliyejibu haraka, akapata, na bado akaamini kila kitu.

Alhamisi asubuhi alikuta watu wamekusanyika kwenye duara la Mseti. Maji yalikuwa yanapanda kutoka chini. Walikuwa wanayapima kwa vipago vya ngazi, wakihesabu kutoka chini: Jumatatu kipago cha kwanza, Jumanne cha pili, Jumatano cha nne, na sasa cha nane. Mdomo wa pango walimokuwa wakifuata mwamba ulikuwa kwenye kipago cha kumi na sita. Mganga mmoja aliyetokea Sirari alikuwa amewaambia dhahabu itaonekana Jumamosi, na vijana walikuwa wamefunga ugali wao kwenye mifuko, tayari kushuka na kukaa humo mpaka siku hiyo.

"Siku nne zimefika nusu," alisema Mseti. "Tuna siku nne nyingine. Tukitoka Jumamosi bado yako chini."

"Yatafika kesho asubuhi, mura," alisema Waitara.

"Mzee, wewe unaogopa maji tangu zamani."

Wakacheka. Pudensiana alikumbuka sharti. Alikumbuka pia kwamba Evodius yuko Mugumu na kwamba pale mtandao ulishikika kilimani tu. Hakwenda kilimani. Alichukua vijiwe, akachuchumaa mbele ya watu wote.

"Mseti, njoo uone. Kimoja. Viwili. Vinne. Vinane. Kesho ni vingapi?"

Mseti alitazama. Midomo yake ilihesabu. Pudensiana aliona kabisa pale alipoelewa, na akaona pia alivyokataa.

"Hizo hesabu za shule," alisema, akaanza kufunga kamba kiunoni. "Maji hayajasoma."

Hapo Waitara aliingia kati yake na ngazi. "Sawa, tuache hesabu. Nani kati yenu amechinja kitu hapa? Mmetoboa ardhi ya marehemu miezi mitatu bila hata kondoo. Mnataka dhahabu ya Jumamosi kwa mkono mtupu?"

Wakatazamana. Aliyekuwa ameshika ngazi aliiachia. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushuka baada ya maneno hayo, na kufikia saa nane mchana kondoo mweusi alikuwa amenunuliwa, amechinjwa, anachomwa. Siku ya kuchinja hakuna anayeshuka duarani, kwa hiyo wote walibaki juu; Pudensiana naye alipewa kipande cha bega, akala.

"Mzee, uliwadanganya?" alimuuliza pembeni.

Waitara alimshangaa. "Kuwadanganya nini? Kondoo alikuwa anadaiwa kweli. Na maji yatapanda kweli. Nimesema lile ambalo wangelisikia."

Ijumaa asubuhi maji yalikuwa yameuzamisha mdomo wa pango, yamefika kipago cha kumi na saba. Nusu ya kambi ilisema kondoo ndiye aliyewaokoa. Mseti alimfuata Pudensiana, akamwomba arudie ile hesabu ya vijiwe, polepole.

Jumamosi Evodius alikuja kwa pikipiki. Pudensiana alimweleza yote bila kujitetea. Evodius alisikiliza, akatoa kalamu nyekundu, akapiga mstari karatasi zote thelathini na sita.

"Ningefanya hivyo hivyo," alisema. "Lakini siwezi kuzitumia." Hakumpangia kambi nyingine.

Ilimuuma, maana kazi ile alikuwa ameipenda. Mwaka uliofuata alitumiwa ripoti. Aliisomea kwenye ofisi ya walimu, jedwali baada ya jedwali: wanaokagua jibu la kwanza waliamini mambo hayo kidogo kuliko wengine, lakini tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Alitafuta mstari ambao Waitara angeingia. Kisha akakumbuka kwamba karatasi yake ilikuwa miongoni mwa zilizotupwa.