Mswaki Usiojizima

Mswaki ule niliuchagua mimi. Wageni wakiwapo, Dada hupenda kusema "tuliuchagua", ili familia isionekane imegawanyika. Lakini siku ile dukani nilikuwa peke yangu, na nilisimama mbele ya kabati la vioo karibu saa nzima, kama mtu anayechagua mchumba.

Na si kwamba sikujua ninalofanya. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno. Huu ni mwaka wa sita nashika taa, nafyonza mate, nachanganya dawa ya kuzibia, na mgonjwa akishainuka kitini, kazi ya kumfundisha kupiga mswaki ni yangu. Nina taya la plastiki lenye meno meupe kuliko ya mtu yeyote aliye hai, na maneno yangu huwa siyabadilishi: nywele laini, kichwa kidogo, dakika mbili, usikandamize. Wenye miswaki ya umeme huwaambia, "Wewe ni dereva tu. Gari linatembea lenyewe, usishuke ukalisukuma." Wanacheka, wanaondoka, na wachache wanashika.

Baba yangu alikuwa hajawahi kukaa kwenye kile kiti.

Baba ni seremala. Nasema "ni", ingawa mkono wake wa kulia umelala tangu alipopata kiharusi na karakana ina kufuli. Ukuta wa karakana ile ndio huohuo ukuta wa chumba tulicholala mimi na Dada, kwa hiyo tulikua tukizijua mashine kwa sauti. Msumeno ulianza kwa kelele ukamaliza kwa kunung'unika. Mashine ya msasa, ikiachiwa hewani, iliimba juu juu kama mbu. Baba alipoilalia kwa bega, mlio ulishuka, ukawa mzito, kama mtu mzima aliyekohoa kidogo akaanza kusema la maana.

"Sikia," aliniambia nikiwa mdogo. "Hapo ndipo inapofanya kazi. Ile ya juu inakudanganya."

Na juu ya mashine zote ulikuwapo mluzi wake. Baba alipiga mluzi kwa meno, si kwa midomo. Aliupandisha ulimi nyuma ya meno mawili ya mbele, akatoa sauti nyembamba iliyoweza kuupasua mlio wa msumeno katikati. Mara mbili, anaitwa Dada. Mara tatu, naitwa mimi. Hata tulipokuwa wakubwa wenye simu aliendelea hivyohivyo. Alisema mluzi hauishi chaji.

Kiharusi kilichukua mkono, kikauacha mluzi. Tulishukuru kwa hilo kuliko tulivyowahi kumwambia mtu.

Tangu alipotoka hospitali, Dada ndiye aliyemswakisha. Dada ni mshonaji. Alihamisha cherehani yake kutoka kibandani sokoni akaileta sebuleni kwa Baba, na sijawahi kumsikia akilalamika. Simsengenyi hapa. Kila asubuhi alimkalisha Baba kwenye kigoda cha bafuni, akamfunga taulo shingoni, akasema, "Haya, Baba. Aaa."

Siku moja nililala kwao, nikaliona kwa macho yangu. Baba alifungua mdomo. Macho yake yakatazama bomba, yakatazama dari, yakatazama kila mahali isipokuwa sisi. Milango ya nusu ya mtaa ule ni kazi ya mikono yake, na sasa anaambiwa aaa, tema, bado, subiri, hivyo hivyo, mtu mzuri.

Dada alipotoka na ndoo, Baba aliifuta midomo kwa mkono wa kushoto, akaniita kwa kidole.

"Wewe si unafanya kazi ya meno?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi nitafutie namna."

Tangu augue hakuwa ameniomba kitu. Hata maji alisubiri mtu akumbuke.

Ndiyo maana nilisimama dukani saa nzima. Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai na maneno mengi. Alinitolea mswaki unaozungumza na simu. Nikamwambia baba yangu hata na simu yenyewe hazungumzi. Akanitolea wenye namna tano za kutetemeka. Nikamuuliza binadamu ana vinywa vingapi. Akatoa mwingine mzuri, nikaushika, nikaurudisha kwa sababu vichwa vyake vya akiba hawaviuzi popote, na kichwa kikichakaa miezi mitatu unabaki na rungu.

"Dada yangu," akasema, "wewe si mteja, wewe ni mtihani."

Mwishoni ilibaki miwili juu ya kioo.

"Huu una akili," akauinua mwembamba. "Ukiukandamiza, unawaka taa nyekundu. Ukizidi, unajizima. Hauwaki tena mpaka ulegeze mkono."

"Unakataa kabisa?"

"Kabisa. Kama mke aliyenuna."

"Inaonekana kwako umeme unakatika sana."

Akacheka mpaka akashika tai. "Na huu mwingine ni punda. Mpini mnene, injini ya nguvu, hauulizi swali. Unavyoupeleka ndivyo unavyokwenda."

Mgonjwa angeniuliza, ningemwambia achukue wenye akili, na wala nisingenyanyua macho kwenye kitabu changu cha miadi. Jibu nililijua. Lakini nilimwona Baba kwenye kigoda, mswaki mdomoni, halafu mswaki nao unamwambia bado, subiri. Daktari wa kiharusi anamwambia subiri. Dada anamwambia subiri. Jirani anayekuja kumsalimia anamwambia asisimame. Nikasema, angalau kitu kimoja ndani ya nyumba ile kimtii. Nikachukua punda.

Jumapili niliupeleka. Mkobani nilibeba pia lile taya la plastiki, nimfundishe.

Baba aliupokea kwa mkono wa kushoto. Aliupima uzito, akaugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye maungio kutafuta kosa.

"Injini iko wapi?"

"Huku chini, Baba."

"Inabeba?"

"Inabeba."

Akabonyeza. Ukaunguruma mkononi mwake, na uso wake ukafunguka namna ambayo nilikuwa nimeisahau.

"Basi tokeni," akasema. "Tokeni wote. Mfunge na mlango."

"Baba, subiri nikuoneshe kwanza jinsi ya..."

"Nikuoneshe?" Akanitazama juu mpaka chini. "Nani kati yetu alimfundisha mwenzake kushika mashine?"

Dada akacheka. Nami nikacheka. Taya la plastiki likabaki mkobani, na mkoba nikautundika kwenye kitasa. Ningeweza kusema kwamba mtoto hamfundishi mzazi wake kupiga mswaki, na watu wangenielewa. Ukweli ni kwamba nilifurahi kufukuzwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue Baba kumfukuza mtu.

Tulisimama ukumbini kama watoto wanaosikiliza mambo ya wakubwa. Mswaki uliimba juu juu. Halafu mlio ukashuka. Ukawa mzito.

"Anasema la maana," Dada akanong'ona.

"Fundi yuko kazini," nikamjibu.

Tukashikana mabega tukacheka hadi machozi. Mlango ukafunguka, Baba akatoka na mapovu kidevuni, na kabla ya kusema lolote akapiga mluzi. Mara mbili, kisha mara tatu.

Mlio ule niliusikia. Hapo ndipo ninaporudi kila siku. Kazini, mgonjwa akijaribu mswaki wa umeme mbele yangu na injini ikashusha sauti, mkono wangu humshika kabla sijafikiri: legeza, mama, legeza, mzee. Kwa miezi minne nilikwenda kwa Baba kila Jumapili, nikakaa ukumbini na kikombe cha chai, nikasikiliza injini ikilaliwa nyuma ya mlango, na nilichosikia mimi ni karakana imefunguliwa tena.

Kisha Dada akanipigia simu kazini. "Baba anatafuna upande mmoja. Na nimeona taulo lake analificha, analifua mwenyewe kwa mkono mmoja. Lina damu."

Kesho yake Baba alikaa kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza. Nilimfunga kitambaa shingoni, nikavuta taa. Daktari wangu, mama mmoja mtaratibu asiyepandisha sauti hata simu ikimwangukia mguuni, akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akarudi mbele akakaa hapo muda mrefu.

"Mzee, fizi zako zimekwanguliwa. Hii imerudi nyuma hadi karibu na mzizi. Na jino hili linacheza." Akaligusa kwa kioo chake, na likacheza kweli. "Unapiga mswaki na nini, msasa?"

Baba akafurahi. "Daktari, umejuaje?"

Akamwonesha. Akainua mkono wa kushoto, akakunja kiwiko, akalaza bega mbele, na mwili wote ukafuata, ule mlalo ambao niliuona utoto wangu wote kupitia dirisha la karakana. Mikono yangu ilikuwa imeshika bomba la kufyonza mate, na sikuwa na pa kuificha.

"Na damu je? Hukushtuka?"

"Nilijua uchafu ndio unatoka. Ukipiga msasa, si unataka kuona vumbi?"

Daktari alinitazama mara moja tu, juu ya barakoa. Hakuniuliza kitu. Angeniuliza ningekuwa na la kujibu.

Ufizi ulikuwa na ugonjwa wa zamani, alisema, jino lile lingeweza kuja kusumbua hata bila mswaki. Lingeweza. Nimeambia wagonjwa wengi neno hilo ili waweze kulala. Jaribio la kuliokoa lilichukua wiki sita, na mwisho wake niliishika taa mimi mwenyewe wakati linang'olewa. Lilikuwa moja ya yale mawili ya mbele. Lilitoka bila ubishi, likatoa mlio mdogo kwenye sahani ya chuma.

Jumapili iliyofuata nilikuwa jikoni kwa Baba nikiosha vikombe. Dada akaja akasimama mlangoni.

"Baba anakuita."

"Sijasikia."

"Ameita mara tatu."

Nikaenda. Alikuwa amekaa kitandani, ulimi umepanda mahali pake pa siku zote. Aliponiona akajaribu tena ili nisikie. Ilitoka pumzi. Pumzi, pumzi, pumzi. Baadaye tulimtengenezea jino la bandia. Linatafuna vizuri, hata nyama, lakini mluzi halijui. Baba alilijaribu siku mbili, akasema limekatwa na mtu asiye na sikio.

Dada aliutupa mswaki juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Kigoda kikarudi bafuni, taulo likarudi shingoni. Aaa. Tema. Macho ya Baba yakarudi kwenye bomba.

"Utamwomba radhi Baba," Dada akaniambia, akiwa amegeukia cherehani yake. "Na mimi utaniomba. Miezi yote nilimswakisha kwa mkono huu, hakutoka tone."

"Hakutoka tone," nikakubali.

"Wewe ndiye mwenye cheti cha meno. Mimi nilijua nini? Nilicheka kwa sababu wewe ulicheka."

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli.

Nilirudi dukani. Muuzaji alinikumbuka, akaanza, "Mtihani wangu umerudi," akaniona uso, akautoa wenye akili bila kuulizwa. Safari hii nililitoa taya la plastiki mkobani, nikaliweka mapajani mwa Baba, nikapiga magoti kwenye sakafu ya bafuni.

"Baba, leo utanisikiliza."

"Nakusikiliza."

Akajaribu kwenye meno ya plastiki. Akalala na bega. Taa nyekundu ikawaka, mswaki ukazima.

"Mbona imekufa?"

"Umekandamiza."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe kasema."

Akautazama kwa dharau. "Huu si mswaki. Huu ni msimamizi." Lakini akalegeza, ukawaka. Akakandamiza, ukazima. Akalegeza. Tulifanya hivyo asubuhi nzima ya Jumapili ile, na Jumapili nyingine tatu, mpaka bega lake likakubali kukaa nyuma. Ni wiki tatu tu, kwa mtu mwenye ukaidi ule, na mkono wa kushoto. Ningezipata wiki hizo tangu mwanzo. Jino lingekuwapo, labda. Mluzi ungekuwapo.

Sasa anajifungia mwenyewe. Ukipita ukumbini unasikia mlio mmoja wa juu, mwembamba, ule aliosema unadanganya, dakika mbili nzima. Halafu kitasa kinageuka.

Jana Dada alisimama nami hapo ukumbini tukasubiri. Hakucheka, nami sikucheka.

"Bado hujaomba radhi," akasema.

Nilimwambia ninajuta. Nilimwambia najutia punda, najutia taya kukaa mkobani, najutia kikombe cha chai nilichokunywa nikisikiliza, na nitajuta kila nitakapoitwa nisisikie.

"Kujuta si kuomba radhi."

"Najua. Baba aliniomba namna ya kutoka kwenye kigoda kile, nikamtafutia. Kwa hilo siombi radhi, Dada. Si kwake, si kwako. Siombi."