Nadhiri ya Fideli

Swali lilikuja kwa simu, mwezi wa nne, Esperansi akiwa ofisini kwake Isikizya anajaza ripoti ya mavuno ya wilaya.

"Mama, nina fomu ya daktari wa marubani hapa," binti yake alisema kutoka Dar es Salaam. "Wanauliza kama niliwahi kuanguka kifafa au kupoteza fahamu tangu nifikishe miaka mitano."

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Inamahoro, nina watu wananisubiri. Andika hapana."

Akakata simu, akashika kalamu, akaendelea na safu ya mahindi. Uongo ule alikuwa ameusema miaka mingi mno. Ulimtoka mdomoni kama jina lake mwenyewe.

Mtoto alianguka. Mara ya kwanza alikuwa na miaka saba, jikoni kwao Ulyankulu, kwenye makazi ya Warundi, nusura aingie motoni. Mara ya mwisho alikuwa na kumi na miwili, katikati ya shamba la karanga, bila homa wala malaria. Esperansi ana diploma ya kilimo. Alijua kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala hakitumwi na jirani mwenye kijicho. Lakini alijua pia kwamba Ulyankulu posa haijibiwi kwa diploma. Kabla watu hawajaleta mahari, wazee wao huzunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza kwa sauti ya chini: ukoo ule hauna kifafa? Na yeye alikuwa na mabinti wengine wawili, wakubwa, waliokuwa wakisoma bweni na wamekwisha kuanza kutazamwa.

Basi yeye na mumewe, Fideli Manirakiza, wakaipita zahanati ya jirani wakampeleka mtoto hadi Tabora mjini. Kwenye kadi ya hospitali wakaandika jina la bibi yake aliyekwisha kufa, Nibitanga. Vidonge vikasagwa ndani ya uji, mtoto akaambiwa ni dawa ya kuongeza damu; na kila alipozinduka bila kukumbuka kitu, akaambiwa alipitiwa na usingizi tu. Alipofika miaka kumi na mitano, daktari akazisimamisha dawa, na hakuanguka tena. Dada zake wakaolewa. Familia ikahamia Gongoni, Tabora mjini. Siri ikabaki kwa watu watatu: Esperansi, Fideli, na Flavia, dada yake Fideli, ambaye siku ile ya kwanza ndiye aliyemvuta mtoto mguu kutoka jikoni.

Hakuna kati yao aliyewaza kwamba mtoto yule angetaka kuruka.

Inamahoro alikuwa mwaka wa pili chuoni, anasomea shahada mbili kwa mpigo, urubani na biashara. Wengine walisema ni tamaa ya fisi. Yeye aliwajibu bila kuona haya. "Wapagazi wa hapa walitembea miezi mitatu hadi pwani na pembe za ndovu mabegani, na mzigo wenyewe haukuwa wao. Mimi nataka ndege ndogo ya mizigo. Asali itoke Tabora asubuhi, mchana iwe sokoni. Niiendeshe mimi, na iwe yangu." Biashara aliisoma vizuri, kama mtu anavyokula ugali. Urubani aliupenda. Nadharia alikuwa amekwisha kuimaliza; mwezi wa saba angepanda ndege na mwalimu wake kwa mara ya kwanza, mradi cheti cha daktari kitoke.

Mwezi wa sita, Fideli alitimiza mwaka kaburini, na familia ikakusanyika Ulyankulu, kwenye nyumba yao ya zamani, kuondoa msiba. Esperansi alipanga kila kitu: misa, mchele, viti, turubai. Mitungi mitatu ya pombe ya mtama iliwekwa katikati ya ua, kila mmoja na mirija yake, kama walivyofanya wazee tangu walipokuwa Burundi.

Inamahoro alizunguka akiamkia watu, na watu wakamtania.

"Rubani!" aliita jirani yao Consolatha, akimsogezea nafasi kwenye mtungi. "Ukipita juu ya Ulyankulu utupigie honi."

"Ndege haina honi, mama."

"Basi utudondoshee hata sabuni!"

Wakacheka. Inamahoro akainama, akavuta pombe kidogo kwenye mrija uliokuwa kando ya ule wa Consolatha.

Kabla ya chakula, kaka mkubwa wa marehemu, Ntahomvukiye, alisimama. Desturi yao ni kwamba siku ya kuondoa msiba marehemu hufunguliwa. Kama aliahidi jambo, kama alimwapia mtu, lisemwe mbele ya wote, ili asiendelee kushikwa nalo huko aliko. Mwenye kunyamaza siku hiyo amemfunga ndugu yake.

"Mwenye neno la Fideli aseme," alisema.

Mtu mmoja akazungumzia mpaka wa shamba. Mwingine akataja mzinga wa nyuki. Kisha Flavia akasimama, khanga begani, machozi yamekwisha kumlenga. Esperansi aliacha kumenya vitunguu vya kachumbari. Alikuwa amepanga hadi kuni, lakini hakuwa amefikiria kinywa cha wifi yake.

"Kaka yangu aliweka nadhiri," alisema Flavia. "Alimwapia Mungu kwamba mtoto huyu akipona, atapeleka ndama parokiani. Nilikuwapo. Hakupeleka, mauti yamemkuta. Ndugu zangu, mtoto aliyekuwa akianguka motoni, povu mdomoni, tukamwekea kijiko kwenye meno, leo anakwenda kurusha ndege! Tusimwache kaka na deni la Mungu."

Wazee wakaitikia. Mtu mmoja akapiga kigelegele kifupi, kikakatika.

Consolatha aliushika mrija wake. Akauchomoa mtungini polepole, akaukung'uta, akasimama kana kwamba amekumbuka jambo nyumbani. Mwanamke aliyekuwa kando yake akauchomoa wake.

Inamahoro aliitazama ile mirija miwili. Halafu akamtazama mama yake, akaondoka kuelekea nyuma ya nyumba.

Esperansi alimkuta ndani ya bani la kukaushia tumbaku. Lilikuwa tupu msimu ule, harufu tu imebaki kwenye kuta.

"Shangazi anamzungumzia nani?"

"Flavia anachanganya mambo."

"Mama." Sauti ya binti ilikuwa ya chini kabisa. "Ukiniambia hapana, nitaamini. Nilivyoamini mwezi wa nne. Kwa hiyo angalia vizuri unachotaka kusema. Nilikuwa na miaka mingapi?"

Njia ya kutokea ilikuwepo, tena pana. Degedege la malaria, miaka mitatu: maneno mawili, na mwezi wa saba mtoto yuko angani. Kadi ilikuwa na jina la marehemu. Fideli naye marehemu. Flavia hakuwahi kuijua hesabu ya miaka. Hakukuwa na karatasi duniani ambayo ingemshtaki Esperansi. Alifungua kinywa aseme miaka mitatu, akaona binti yake amekwisha kuanza kumsadiki, mabega yameshuka, yuko tayari kucheka.

"Saba," alisema. "Mara ya kwanza saba. Ya mwisho kumi na miwili."

Inamahoro alikaa chini, sakafuni, na gauni lake jeupe la misa.

"Nikiwa juu na watu nyuma yangu, mama?"

"Ulipona."

"Nilijaza hapana. Nikatia sahihi."

Alitoa simu. Esperansi akasema leo Jumamosi, angoje Jumatatu, watu wanangoja, chakula kitapoa. Inamahoro alikuwa amekwisha kupiga, simu ameiweka sauti kubwa. Daktari wa marubani akapokea.

"Shikamoo, daktari. Kwenye fomu yangu kuna jambo halikuandikwa. Sikulijua hadi leo. Mama yangu yuko hapa, atakueleza."

Akamnyooshea mama yake simu.

Esperansi amezoea kutoa ripoti, na ile aliitoa bila kusitasita. Mara tisa kwa jumla. Dawa miaka minane. Akataja jina la dawa, na mwaka iliposimamishwa.

"Kadi iko kwa jina la nani?" aliuliza daktari.

"Nibitanga."

"Huyo ni nani?"

"Bibi yake. Marehemu."

"Mama, umefanya vizuri kusema. Lakini cheti mimi sitamwandikia. Chuoni nitaandika barua, aendelee na upande wa biashara. Binti, umenisikia?"

"Nimekusikia, daktari. Asante."

Simu ikazimika. Nje mtu alikuwa akipanga sahani. Inamahoro hakulia mara moja. Alikuwa anafikiri, na kumwona akifikiri vile kulimuumiza mama yake kuliko kilio.

"Ungeniambia nikiwa na kumi na mitano," alisema hatimaye. "Ningechagua kitu kingine. Ningekipenda."

Esperansi alikuwa na majibu. Dada zako. Posa. Watu wa hapa unawaona walivyo. Yote yalikuwa ya kweli, na aliyapima moja moja akayaacha.

"Nenda, mama. Usimruhusu mtu kuingia."

Alitoka, akaurudisha mlango wa bani, akasimama mbele yake. Kilio kilianza nyuma yake, kile cha mtu anayejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Flavia alikuwa anakuja mbio na sahani ya pilau, juu yake paja la kuku.

"Wifi, mbona mnajificha? Hii nimemwekea rubani wetu."

"Si rubani tena," alisema Esperansi.

Flavia akasimama. Akausikia mlio wa nyuma ya mlango. Sahani ikaanza kuinama mkononi mwake, mchele ukamwagika mavumbini punje kwa punje.

"Ni mimi? Ni lile neno langu?"

"Wewe umemfungua kaka yako," Esperansi alisema. "Mtoto nilimfunga mimi."

Wakasimama pale wawili, na hakuna aliyebisha hodi.